Wa Tatu Hajasikia Bado

Tulimwita Sekretari. Sijui alizaliwa mwaka gani wala watu wake walitokea wapi, na sikuwahi kuuliza, kwa sababu naye hakuniuliza yangu. Kitu cha kwanza nilichokijua juu yake ni sheria moja aliyotoka nayo kwenye ofisi alikopiga mashine ya kuandikia mpaka akastaafu. Aliitaja hata mahali ambapo hapakuwa na karatasi wala kiberiti: "Hakuna mutu anachoma karatasi yeye peke yake."

Ofisini kwao karatasi zilizochakaa zilichomwa shimoni nyuma ya jengo. Ila kando ya shimo walisimama watu watatu: mwenye karatasi, mtunza karatasi, na mtu wa tatu, yule ambaye maneno ya karatasi ile yanamgusa. Wakishachoma waliandika PV, karatasi ndogo ya ushahidi inayosema leo tumechoma kitu fulani, kililetwa na fulani, sababu ni hii, na wote watatu wakatia sahihi. Sekretari aliiamini PV kuliko wengine wanavyoamini dawa. "Karatasi inakufa," alikuwa akisema, "lakini kaburi yake lazima ijulikane."

Mimi ni mwendesha pikipiki wa Kasongo. Napeleka sabuni, chumvi na betri Kabambare na Wamaza, na nikibembelezwa sana nafika mpaka Salamabila kwenye dhahabu. Tena mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asinitarajie ushujaa huko mbele. Nyumbani wananitania kwamba paka akiangusha kifuniko cha sufuria, mimi tayari nimevaa viatu. Lakini wazee walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeitegemea methali hiyo miaka mingi barabarani.

Kilichotukutanisha ni ndege. Sekretari alianzisha grupu kwenye simu, akaliita Masikio, la watu wanaopenda kusikiliza ndege na kutaka kujua nani analia nini. Hapakuwa na faida yoyote ndani yake. Walikuwamo wakulima, wauza duka, makatekista, shehe mmoja wa Kasongo aliyejua ndege wote wa alfajiri, na sisi wa barabarani. Unarekodi sauti ya ndege porini, watu wanabahatisha ni ndege gani, wanabishana, wanacheka, siku inapita.

Mchezo ule ulikuwa na desturi yake. Hukuweka sauti grupuni mwenyewe. Ulimtumia Sekretari peke yake, naye aliiweka bila jina, kwa namba tu. Sababu yake ilikuwa nzuri: ukijua nani kaleta, unajua katoka wapi, na ukijua katoka wapi, umeshajua ndege wa huko, basi mchezo umekwisha. Baada ya siku mbili tatu ndipo alipotangaza ndege ni nani na mwenye sauti ni nani. Kabla ya hapo aliyejua alikuwa yeye tu, na daftari lake.

Daftari lile lilikuwa na jalada jeusi, na kila ukurasa aliuchora mistari kwa rula. Namba ya sauti. Aliyeleta. Nani kasema nini. Ukweli. Kila kilichosemwa grupuni alikinakili kwa mkono, hata vichekesho, hata matusi madogo. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua wakati maneno yote yapo kwenye simu. Akaniangalia kama vile nimeuliza kwa nini tunaezeka nyumba wakati hakuna mvua. Mkewe, Mama Sekretari, alikuwa akipita na ungo, akajibu badala yake. "Huyu alioa kaye kwanza," alisema, akilionyesha daftari kwa kidevu. "Miye niko bibi ya pili."

Sasa hebu fikiri: mkuu wa watu wa kusikiliza alikuwa na sikio moja. La kushoto lilikufa zamani. La kulia lilisikia sauti nyembamba vizuri ajabu, hata kinda la shomoro ndani ya paa, lakini sauti nzito zilimpita. Ukizungumza naye ulilazimika kukaa upande wake wa kulia na kupandisha sauti kama mtoto. Tulimtania sana kwa hilo, naye hakukasirika. "Sikio moja inatosha," alisema. "Mbili zinabishana."

Alikuwa mkali na mpole kwa mambo yasiyolingana. Joto liwe namna gani, hakutoka bila koti, na shati lake lilipigwa pasi ya makaa kila siku. Alipopeleka simu kuchaji kwa mwenye paneli ya jua, alikaa pale kwenye benchi mpaka ijae, kama mtu aliyempeleka mgonjwa. Mtu akiandika ndege vibaya hakusema kitu. Lakini mtu akifuta neno lake grupuni, siku hiyo Sekretari hakula.

Ugomvi wa kufuta ulianza kwa muuza duka mmoja wa Salamabila, mtu mwenye maneno mengi. Iliwekwa sauti, yeye akashika kwamba ni hondohondo. Akabishana siku mbili nzima, akamwita shehe mzee kiziwi, akatupa somo la jinsi hondohondo anavyopiga mbawa. Kumbe ilikuwa gurudumu la baiskeli lisilotiwa mafuta, lililorekodiwa na katekista mmoja kwa kututega. Tulicheka mpaka machozi. Muuza duka akaona aibu, akafuta maneno yake yote, moja baada ya jingine. Asubuhi tulikuta majibu yetu yamebaki peke yake, tunamjibu mtu ambaye hayupo, na shehe anaonekana kama aliyemtukana mtu bure.

Sekretari alimpigia simu mimi nikiwa nimekaa barazani kwake Kabambare.

"Maneno ilikuwa yangu," muuza duka alijitetea. "Nilileta, nimetosha, nimeondoa."

"Ile siku uliiweka kati ya watu, haikuwa yako peke yako tena," Sekretari alimjibu. "Umetosha nguzo yako, nyumba yetu wote imeanguka."

Grupu liligawanyika. Wengine walisema kila mtu afute lake akitaka, mdomo ni wake. Wengine wakasema hapana, mwenye ufunguo wa grupu ndiye afute, kwani nyumba ina mwenyewe. Hilo la pili lingempa Sekretari nguvu zote, na nilidhani angefurahi. Alilikataa kuliko la kwanza. "Mutunzaji akifuta yeye peke yake," aliandika, "kesho atafuta kile kinamusema vibaya." Akaleta sheria yake ya shimoni: mazungumzo yatafutwa watu watatu wakikubali. Mwenye maneno, mtunzaji, na wa tatu, yule ambaye maneno yanamgusa.

Tulidhani wa tatu ni pambo tu. Kisha mkulima mmoja wa kijiji cha upande wa Wamaza alirekodi njiwa, na nyuma ya njiwa mkewe akasikika akimwambia waziwazi kwamba mwanamume anayelala mpaka jua lipande atakula ndege zake. Mume akaomba ifutwe haraka. Sekretari akasema mwite mkeo, yeye ndiye wa tatu. Mama yule akachukua simu, akasikiliza, akajibu kwa utulivu: "Acheni. Wasikie." Haikufutwa. Baadaye mume alikwenda kuchimba dhahabu na simu ikabaki kwa mama, na yeye akawa mmoja wetu. Kijijini kwao rezo, mtandao wa simu, ilipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, alikopanda mara moja kwa siku, alasiri, akitoka shambani. Sauti zake zote zilikuja na upepo. Tulimwita Mama Kichuguu.

Nilimpenda Sekretari kwa jambo jingine pia: hakunicheka kwa uoga wangu. Nilimweleza siku moja jinsi ninavyotaka kugeuza pikipiki nikiona kwa mbali kamba ya barieri, kile kizuizi cha wenye bunduki, hata pale wanaponijua kwa jina.  Kisha akasema yeye naye, siku za ofisi, aliwahi kuchoma karatasi peke yake, mara moja, kwa sababu ya woga. Nilisubiri aendelee, hakuendelea. Alisema tu, "Uoga iko sikio. Usilizibe. Lakini usikubali likuwe na mudomo." Sikumwelewa siku ile.

Nilimwelewa Jumanne moja. Nilikuwa natoka Wamaza kwenda Kabambare asubuhi, nikasimama kwenye kijito kupoza injini. Ng'ambo, kwenye mianzi, dudumizi akaanza kulia, ule mlio wake wa maji yanayomiminwa kutoka chupani. Nilifurahi kama mjinga. Nikainua simu, nikarekodi karibu dakika mbili bila kupumua, nikaondoka. Nilipofika kwenye rezo ya Kabambare nilimtumia Sekretari, nikaenda kutafuta fufu na samaki. Sekretari aliiweka saa hiyohiyo, namba tu, kama desturi.

Nilikuwa bado na tonge mkononi niliposoma jibu la kwanza. Liliandikwa na katekista wa baiskeli, na safari hii hakuwa na mchezo: "Wacheni ndege. Sikilizeni nyuma ya ndege."

Niliweka simu sikioni. Dudumizi alikuwa pale. Na nyuma yake, ng'ambo ileile ya mianzi, wanaume. Mmoja alicheka. Mwingine, kwa sauti nzito isiyo na haraka, alisema: "Siku ya soko tuvuke pale pa miti mbili, tuwakute bado wanapanga vitu." Kisha chuma cha bunduki kikagonga jiwe, sauti ambayo kila mtu wa barabara ile anaijua. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwao, nimewainulia simu. Tonge lilinitoka mkononi. Niliona mara moja kitakachonifika: barieri, simu ya mtu yeyote kati yetu, swali moja tu, nani alirekodi hii.

Sikumbuki kama nililipa chakula. Nilimkuta Sekretari barazani, simu imebanwa kwenye sikio la kulia, uso umebadilika.

"Papa Sekretari, futa," nilisema. "Futa sasa hivi."

"Keti."

"Sikai. Futa kwanza. Watu wale wakijua ni miye, nimekufa. Niko na bibi, niko na watoto."

"Sikuwasikia," alisema, na nadhani hakuwa ananiambia mimi. "Nilisikiliza ndege, sikuwasikia. Sauti yao iko chini." Akaitazama simu. "Ni miye niliiweka."

"Basi itoshe."

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa na woga uleule wa kwangu, nataka hilo lijulikane.  "Wewe mwenye sauti umekubali," alisema. "Miye mutunzaji nimekubali. Wa tatu hajasikia bado."

"Wa tatu nani?"

"Ile kijiji. Iko kijiji fulani, soko yake iko karibu, na watu wake wanavuka muto juu ya miti mbili. Hatuijue. Tukifuta, nani atawaambia?"

"Tuma ujumbe, sema muwe na akili, kisha futa."

"Vijiji vyote vinaambiwa muwe na akili, kila wiki. Hawakimbie tena kwa maneno hiyo. Wasikie wenyewe."

Nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia ni kiziwi, na kwamba uziwi wake ndio unaoniua. Mama Sekretari alitoka ndani, akaniwekea maji mbele, akasimama mlangoni bila kuingilia. Sekretari alivuta kiti mezani. Alifungua daftari, akachora mistari kwa rula, akaanza kunakili.

Tulikaa hivyo mchana kutwa, simu juu ya meza kati yetu. Kila ilipolia niliinama kuisoma kabla yake. Watu waliandika kutoka kila upande, na hakuna aliyetania.

"Kwetu miti iko tatu."

"Kwetu daraja ilibebwa na maji, tunavuka kwa miguu."

"Soko yetu iko siku ya posho, Jumamosi, bado mbali. Si sisi."

"Iko miti mbili kwetu, lakini soko ilikufa tangu wakati wa kiangazi."

Nilikuwa nahesabu pikipiki zinazopita barabarani. Kila moja niliiona imebeba simu, na ndani ya kila simu sauti ile. Nilifikiri kuinyakua simu ya Sekretari na kuitupa chooni, na nakiri mkono wangu uliinuka mara mbili. Yeye aliona. Mara zote mbili aliisogeza simu, lakini kuja kwangu. Aliiacha pale karibu na vidole vyangu, akaendelea kuandika. Sikuichukua. Nikiupigia mahesabu uoga wangu, naona siku ile sikuogopa wale wanaume tu, niliogopa na macho ya mzee yule.

"Pengine mutu wa ile kijiji hayuko kwa grupu," nilisema.

"Pengine."

"Basi tunangojea nini?"

"Tunangojea tujue kama hayuko."

Alasiri, jua limekwisha kulegea, ukaja upepo. Ndiyo, upepo, kabla ya neno lolote, ule wa kichuguu. Kisha sauti ya Mama Kichuguu, taratibu kama siku ile ya njiwa: "Ni kwetu. Miti mbili iko ya kwetu. Soko iko kesho."  Tulisikia anapumua, na mbali kidogo mtu anatwanga. Ikaja nyingine, fupi. "Nimesikia. Futeni."

Sekretari alifuta yote: ile niliyomtumia, ile ya grupuni, na majibu yake. Kisha akaandika kwamba kila mmoja aifute kwenye simu yake na aandike neno moja, nimefuta. Maneno yakaanza kuingia, nimefuta, nimefuta, na yeye aliweka alama kwenye daftari kwa kila moja. Mimi nilipanda pikipiki nikaenda Kasongo bila kusimama hata kwenye kijito kile. Hasa kwenye kijito kile.

Watu wa Mama Kichuguu walilala porini. Jumatano wale wanaume walivuka pale pa miti miwili wakakuta uwanja mtupu. Wakachoma nyumba, wakaondoka na mbuzi. Mtu hakuguswa hata mmoja. Mama Kichuguu na wanawe wakaja Kabambare kwa dada yake.

Lakini mmoja wetu aliandika nimefuta na hakufuta. Sijui kwa nini, labda alitaka tu kuwa na kitu ambacho wengine hawana. Wiki chache baadaye alipekuliwa simu njiani na watu wa kundi lile, sauti ikakutwa. Akasema asichoweza kukana: ilitoka kwenye grupu la mzee fulani wa Kabambare, na mwenye kuijua asili yake ni mzee mwenyewe.

Mama Sekretari ndiye aliyenipigia. Walikuja watu wawili, alisema, wamevaa vizuri, wakaamkia, wakakaa barazani. Wakauliza sauti ililetwa na nani. Papa hakubisha. Alileta daftari mwenyewe, akawafungulia ukurasa, akawaonyesha kwa kidole. Wakasoma. Wakachukua simu yake, wakamwambia asitoke Kabambare, watarudi na mkubwa wao kuisoma kaye yote.

"Aliwaonyesha jina?" nilimwuliza.

"Aliwaonyesha."

Nilikata simu. Kwa wiki tatu sikwenda Kabambare. Niliwaambia wateja pikipiki imeharibika, nikaificha nyumba ya shangazi, nikalala chumba cha nyuma na kuamka kila mbwa alipobweka. Nilimlaani Sekretari kwa sheria zake, kwa rula yake, kwa mwandiko wake mzuri ambao hata mgeni angeusoma. Nilingoja waje. Hawakuja. Na kadiri walivyozidi kutokuja, ndivyo swali lilivyozidi kunitafuna: kama jina waliliona, kwa nini niko hai?

Nikaenda. Nilimkuta ndani, mchana, amevaa koti na viatu, amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Kando ya mlango palikuwa na mfuko mdogo, sabuni na taulo juu yake. Alikuwa amekonda. Mama Kichuguu alikuwa ameketi mkekani na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, mbele yake, na Mama Sekretari anawasha mbabula, lile jiko la makaa, uani penye mlango wa nyuma.

"Umefika," Sekretari alisema. "Muzuri. Sasa tuko watatu."

Alinipa daftari. Ukurasa ulikuwa vilevile, mistari imenyooka, maneno ya kila mtu na kijiji chake. Nikatafuta pale juu, penye neno aliyeleta. Paliandikwa kwa wino uleule, mwandiko uleule, bila kufutwa wala kukatwa: Sekretari, mwenyewe.

Mtu yule hakuwahi kuandika uongo hata juu ya gurudumu la baiskeli.

"Uliandika lini?" nilinong'ona.

"Ile siku. Ulikuwa umekaa hapo, unahesabu pikipiki."

Mama Kichuguu hakuelewa tunachosema. Aliona tu ninavyotazama ukurasa. "Baba," aliniambia, "huyu mzee alituokoa. Alikwenda kwa kile kijito yeye mwenyewe, na miguu yake hii, akachukua sauti ya wale watu. Watoto yangu wane wako hai juu yake. Kila wiki nitamuletea sombe mpaka nikufe."

Sekretari alitazama mlango. Mimi nilitazama sombe.

"Wakirudi watasoma kila mutu na kijiji yake," alisema mwishowe. "Ukurasa huu lazima ikufe. Mama ndiye wa tatu. Mama, unakubali?" Mama Kichuguu akasema anakubali. Mzee akaukata ukurasa kwa rula, taratibu, akatoka uani akaulaza juu ya makaa. Tulisimama kuuzunguka, mabibi wawili, yeye na mimi. Ulijikunja, ukawa mweusi, maneno yakaonekana bado kwa muda kidogo, kisha hayakuonekana.

Nilidhani imekwisha. Akarudi kitini, akafungua ukurasa mpya, akaandika PV. Alisoma kwa sauti kila neno alipoliandika. Leo tumechoma ukurasa mmoja. Mambo ya ndani: ndege dudumizi na mazungumzo. Sababu: kulinda watu. Kisha kalamu ikasimama.

"Mwenye sauti," alisema. Akainua macho, akanitazama.

Hakunisukuma. Alinipa nafasi tu, ileile aliyonipa siku ile aliposogeza simu karibu na mkono wangu. Nilijua anachoniuliza. PV itakaa katika sanduku, wakija wanaweza kuipata, na jina litakaloandikwa ndilo litakalofuatwa. Nilijua pia kwamba mama aliyeketi pale angejua nani wa kumshukuru, na kwamba mzee angeweza kuvua viatu. Barabarani pikipiki ilipunguza mwendo mbele ya nyumba. Ilikuwa inakwepa shimo, ikaenda zake. Nilikuwa nimekwisha kuangalia mlango wa nyuma.

Nilinyamaza.

Akaandika jina lake. "Basi mutunzaji uwe wewe," alisema, na hapakuwa na hasira katika sauti yake. "Mutu mumoja hasaini mara mbili." Akanisogezea kalamu. Mama Kichuguu akaweka kidole gumba, Sekretari akatia sahihi penye mwenye sauti, mimi penye mtunzaji.

Hawakurudi. Hilo ndilo nisiloweza kulizoea. Msimu mzima alikaa na koti na viatu akiwangoja, kila injini, kila hodi, na hawakurudi, mpaka mvua zilipokuwa zinaisha moyo wake ukasimama palepale kitini. Watu walisema ni tansio, presha ya damu. Matangani nililia kwa sauti kuliko ndugu zake, wakanisifu kwa upendo.

Daftari niliachiwa mimi. Mama Kichuguu bado analeta sombe kila wiki kwa Mama Sekretari, na kwa kuwa mimi ndiye mtunzaji wa kaye ya mzee, naye hunipa fungu langu nikipita. Nimelipokea. Mke wangu amelipika, watoto wamekula.

PV haibadilishwi na mtu mmoja, hilo nilifundishwa. Kwa hiyo leo nimemwomba Mama Sekretari awe mtunzaji, kwani ufunguo wa sanduku ni wake. Nimekaa kwenye kiti cha mzee, mchana, mlango wazi, PV iko mezani na chini yake nimeandika mstari mmoja: mwenye sauti ni mimi. Mama Sekretari ameusoma. Ameweka sahihi yake na kurudi uani. Wa tatu nimemwita. Nasikia kandambili zake kwenye kokoto, anaweka sombe chini, anapiga hodi, na mimi naogopa kuliko siku ya kijito.